Jina la Kukodi

Karatasi ilikuwa imechanwa katikati ya daftari la mwanafunzi. Matundu mawili ya pini yalikuwa bado yanaonekana. Baba mdogo aliitoa kwenye mfuko wa shati, akaikunjua juu ya meza yangu, akawa anailainisha kwa kiganja huku akitazama pembeni.

"Nigongee muhuri hapo chini, mwanangu. Nina gari la saa nane."

Nikaisoma. Kalamu ya bluu, herufi kubwa za mtu aliyesoma enzi ambazo mwandiko mbaya ulichapiwa fimbo. Mistari minne tu. Ilisema kwamba yeye, mkulima wa wilaya ya Kongwa, amekubali jina lake litumike kununulia mahindi msimu huu. Kwamba fedha zote ni za "mwenzangu". Kwamba atalipwa kwa kila gunia. Na kwamba wameelewana bila kulazimishana.

"Mwenzako ni nani, baba mdogo?"

"Si yule Mkenya. Unamjua. Alikuja mpaka kwenye msiba wa baba yako."

Ni kweli alikuja. Alileta sukari, akakaa jamvini na wazee mpaka jua likazama, na kaburini alishika jembe kama wengine. Msimu wa tisa huu tangu aanze kununua mahindi kijijini kwetu.

"Yeye hela anazo, kununua haruhusiwi," baba mdogo akasema. "Mimi naruhusiwa, hela sina. Sasa ubaya uko wapi?"

Nikamjibu kama wakili. Nikamweleza amri, nikamtajia faini, nikamtajia kifungo. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha, kama anavyosikiliza mahubiri. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akairudisha mfukoni, akaniaga vizuri.

Ilikuwa wiki ya tatu ya Agosti 2025. Sasa Septemba inaisha na swali lake bado linanifuata mpaka jikoni.

(Ameniruhusu niandike. Jina lake na la kijiji nimeyaacha. Si ndugu wa damu. Yeye na marehemu baba walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu hilo linatosha.)

Nilivyoipokea ile amri

Lazima niseme ukweli wangu kwanza. Amri ya tarehe 28 Julai 2025, ile ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, mimi niliishangilia.

Niliisoma siku hiyohiyo ilipoanza kuzunguka kwenye simu. Maduka ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, udalali, uchimbaji mdogo, vyote mnavijua, na malalamiko ya Kariakoo juu ya wafanyabiashara wa kigeni mliyasikia kabla yangu. Sina ugomvi na sehemu kubwa ya orodha ile. Mtu akitoka mbali na mtaji wa viwanda nyuma yake, akaja kukaa kwenye kibaraza kimoja na kijana wa Chang'ombe anayetengeneza simu, hayo si mashindano.

Lakini kilichonisimamisha kitini kilikuwa maneno manne: ununuzi wa mazao shambani. Nikasema, hatimaye!

Niliyasema hayo kwa sababu ya mama. Nilikuwa darasa la sita, mwaka ambao mvua za Januari zilikatika wiki tatu. Michango ya shule ilidaiwa, mdogo wangu alikuwa amelazwa. Mwezi Machi, mahindi yakiwa ndiyo yanatoa ndevu, mwanamume mmoja alikuja shambani kwetu na fimbo mkononi. Alitembea mstari kwa mstari. Alimenya hindi moja changa, akalitazama, akalitupa. Kisha akamhesabia mama noti palepale chini ya mbuyu. Juni vijana wake wakaja kuvuna. Mimi na mama tulisimama kwenye mpaka wa shamba tukiyaangalia magunia yetu yakipakiwa, na yalikuwa na lumbesa, debe zima limevimba juu ya mdomo wa kila gunia na kufungwa kwa kamba. Mama hakusema neno. Jioni alipika mlenda na uji mzito wa uwele kwa sababu unga wa mahindi hatukuwa nao.

Kwa hiyo niliposoma ile amri, nilimwona yule mwanamume na fimbo yake. Nikaona serikali imemnyang'anya fimbo.

Ilichukua zaidi ya wiki mbili, na karatasi ya baba mdogo, ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kulisahau, ila nilikuwa nimeliweka mahali ambapo silioni.

Yule mwanamume alikuwa wa kwetu.

Alizungumza Kigogo. Alimwamkia mama "mbukwenyi" alipofika. Alikuwa na duka barabara kuu, na watoto wake nilisoma nao. Hakuna amri ya wasio raia ambayo ingemzuia kuja kumenya lile hindi. Na lumbesa, ambayo Sheria ya Vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo wanaipigia kelele kila msimu, imefungwa na mikono yetu wenyewe siku zote. Yule Mkenya wa baba mdogo, nilipouliza, nikaambiwa huja na mizani yake ya kuning'iniza, huifunga kwenye tawi la mwembe, na mwenye mahindi anasoma mwenyewe.

Simtetei mtu. Hata yeye anatafuta faida, na bei anaijua ya Nairobi wakati baba mdogo anaijua ya jana. Ila nilikuwa nimemlipisha deni la mtu mwingine.

Shambani ni wapi?

Nikarudi kwenye maandishi. Ndiyo kazi yangu, na ndiko ninakokimbilia nikichanganyikiwa.

Amri inasema shambani. Sasa mahindi ya baba mdogo hayako shambani. Yalivunwa Juni, yakaanikwa uani juu ya turubai, yakapukuchuliwa kwa mashine ya kukodi, na sasa yamo sebuleni, yamepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Mnunuzi akiingia sebuleni, amenunua shambani? Akisimama barabarani na mkulima akayaleta kwa bodaboda gunia mojamoja? Akiwa ndani ya uzio wa soko la Kibaigwa, ambako kuna ofisi, ushuru na risiti, bila shaka hapo si shambani. Lakini je, hiyo si biashara ya jumla, ambayo nayo imo katika orodha? Na anayenunua ili apakie na kuvuka mpaka wa Namanga kwenda Kenya, anafanya biashara ya jumla hapa, au anafanya kule anakoenda kuuza?

Ninaweza kuyajenga majibu mawili yanayopingana na yote yakasimama mahakamani. Kwa wakili hilo ni riziki. Kwa mzee mwenye mahindi sebuleni, kila siku ya kungoja tafsiri ni siku ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje.

Na ipo sheria nyingine juu ya meza hiyohiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kazi Julai 2010, na ibara yake ya 13 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuja kufungua na kuendesha shughuli za uchumi kwa mwenzake. Kenya iliishika itifaki hiyo mara tu amri ilipotoka, ikalalamika. Tanzania nayo ina jibu lake: hakuna nchi iliyofungua milango yote, na kila mwanachama aliweka ratiba na masharti yake. Nimeyapima yote mawili. Jibu letu si la kupuuzwa.

Kilichonikera ni kingine. Katiba yetu, ibara ya 63(3)(e), inasema mikataba inayotakiwa kuridhiwa ijadiliwe na kuridhiwa na Bunge. Ndivyo tulivyoingia soko la pamoja: kwa mjadala, kwa watu wa majimbo kusimama na kusema. Amri ya Julai ilitoka kwa saini ya waziri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, Sura ya 101. Ni halali, sheria inampa uwezo huo. Bunge lenyewe lilikuwa limekwisha kuhitimisha vikao vyake mwezi mmoja kabla, watu wakiwa kwenye uchaguzi. Lakini mimi naishi Dodoma. Napita mbele ya jengo lile karibu kila siku. Ningependa mbunge mmoja wa Kongwa, wa Kiteto au wa Kondoa asimame pale na kuuliza hilo swali dogo la shambani ni wapi, kabla halijaulizwa na polisi.

Na tarehe pia. Mwisho wa Julai ndio katikati ya msimu wa kununua. Mwenye kujua kilimo cha kanda hii asingechagua wiki ile.

Jumamosi Kibaigwa

Jumamosi ya kwanza ya Septemba nikapanda basi la Morogoro, nikashuka Kibaigwa. Sikuwa na mteja wala kesi. Nilitaka kuona kwa macho yangu kama wanunuzi wa nje wametoweka.

Upepo ulikuwa ule wa Septemba, mkavu, unaobeba pumba na kukubandikia kwenye midomo. Wanawake walikuwa wamekaa safu kwenye kivuli cha mabati, kila mmoja na ungo, wanapepeta na kutoa punje zilizobadilika rangi. Hilo la punje si urembo. Hakuna wa mkoa huu aliyesahau mwaka 2016, sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ilipoua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi ya nyumbani mwao. Kijana mmoja alikuwa anashona midomo ya magunia kwa shazia, haraka kiasi kwamba uzi ulionekana kama unajivuta wenyewe. Nilisimama nikamtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Dalali mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, aliponiona na begi langu akajua si mnunuzi.

"Unatafuta nini, dada?"

Nikamwambia: wageni wako wapi?

"Wapo. Hawashuki garini tu."

Akanionyesha kwa kidevu. Upande wa pili, karibu na mizani, alisimama kijana wa miaka kama ishirini na tano, suruali mpya, simu mbili, daftari kwapani. Huyo ndiye mnunuzi. Leseni ni yake, namba ya mlipakodi ni yake, jina kwenye risiti ni lake. Fedha inaingia kwenye simu ya kwanza na maelekezo yanaingia kwenye simu ya pili. Nilipokaribia nilimsikia anasoma kiwango cha unyevu kwa sauti, ananyamaza, anasikiliza, kisha anamwambia mwenye mahindi bei. Bei haikutoka kichwani mwake. Alikuwa anaitafsiri.

Nikakaa na mama mmoja wa ungo. Ana ekari tatu upande wa Mlali na mwaka huu amevuna vizuri. Nikamuuliza kama ana nafuu sasa wageni wamezuiwa.

Akapepeta mara mbili kwanza.

"Zamani tulikuwa wawili kwenye hili gunia, mimi na mnunuzi. Sasa wa tatu amekaa katikati, na yeye anakula upande wangu."

Nikamuuliza, huyo wa tatu si Mtanzania mwenzako, si afadhali ale yeye?

"Ale. Lakini alime."

Nilirudi mjini na basi la jioni. Giza lilikuwa limeshaingia tulipopita njia panda ya Kongwa, na nikawaza juu ya ule mpango wa karanga ambao wazee wa kule bado wanausimulia. Waingereza walikuja mwaka 1947 na ramani zilizochorwa mbali, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakitaka kuligeuza pori la Kongwa kuwa mafuta ya kula ya kwao. Kiangazi kikaukausha udongo ukawa kama saruji. Mwaka 1951 wakafunga, zaidi ya pauni milioni 30 zimezama. Babu alifanya kibarua pale cha kung'oa visiki. Alikuwa akisema hakuna siku aliyoulizwa mvua huwa zinaanza lini.

Wanaoishi kwa matangazo

Wiki iliyofuata nilikaa na kuorodhesha, kwa kumbukumbu, matangazo yote juu ya mahindi ambayo baba mdogo ameyapitia tangu mimi nianze kufahamu mambo.

Mwaka 2011, mahindi yasitoke nje ya nchi. Juni 2017, siku ya Idd, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza tena yasitoke, na waliokuwa wamelima kwa ajili ya soko la nje wakabaki nayo. Machi 2021 ikawa zamu ya wenzetu: tarehe 5 Kenya ikazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti ya vyeti na kiwango kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mei mwaka huohuo Rais Samia akaenda Nairobi na malori yaliyokwama mpakani yakaagizwa yaruhusiwe. Mwaka 2023 yakaja masharti ya vibali vya kusafirisha, foleni zikarudi mpakani. Aprili 2025, baada ya Malawi kuzuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi, na baada ya miaka ya ndizi zetu kukataliwa Afrika Kusini, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akazuia mazao ya nchi hizo mbili, na siku chache baadaye akaondoa zuio ili watu wazungumze.

Lile la Aprili nililiunga mkono na bado naliunga mkono. Nchi yenye bandari ambayo jirani anaitegemea haina sababu ya kupigwa kofi kila msimu na kunyamaza. Halafu lilikuwa na shabaha moja inayoonekana, na lilipofanya kazi yake likaondolewa.

Ila tazama linavyoonekana lote kwa pamoja ukiwa sebuleni na magunia. Mnunuzi wa nje hajengi ghala, kwa sababu hajui kama mwakani ataruhusiwa kurudi. Benki haimkopeshi mkulima kwa dhamana ya mahindi, kwa sababu bei inaweza kuanguka kwa hotuba moja. Mkulima hangoji Desemba bei ipande, kwa sababu Desemba mpaka unaweza kuwa umefungwa. Basi kila mmoja anafanya haraka. Anauza Julai, ananunua Julai, anaondoka Julai. Na kwenye haraka hiyo ndimo anamopatia nafasi yule mwenye fimbo anayekuja Machi.

Hapo ndipo nilipoona kosa la shangwe yangu. Nilidhani adui wa mama alikuwa mtu. Kilichomtoa mama shambani kwake mwezi Machi ni kwamba hapakuwa na mahali pengine popote pa kupata fedha ile wiki ile. Mtu yeyote mwenye noti angetosha, awe wa Nakuru au wa duka la barabara kuu. Na amri imebadilisha orodha ya wanaoruhusiwa kushika noti, bila kuongeza noti hata moja kwa waliobaki kwenye orodha.

Tarehe 17 Julai, siku kumi na moja kabla ya amri, hapahapa Dodoma ilizinduliwa Dira 2050. Uchumi wa dola trilioni moja, na wastani wa dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Niliangalia uzinduzi ule na nilifurahi kwa dhati. Nataka wanangu waishi kwenye nchi hiyo. Lakini siioni njia ya kufika huko inayopitia kwa kijana mwenye simu mbili anayetafsiri bei. Tumempa raia nafasi ya kusimama mbele ya mizani. Mtaji, ghala, kipimo cha sumukuvu na taarifa za bei vimebaki kwenye gari, kwa yule asiyeshuka.

Ningekuwa na kalamu ningeiandika tofauti. Shambani na sebuleni kubaki kwa wananchi, sawa. Mgeni anunue, tena waziwazi, ndani ya soko lenye mizani ya serikali na daftari, jina lake likiwa jina lake. Na Sheria ya Stakabadhi za Ghala, ambayo tunayo tangu 2005 na tumeizoea kwenye korosho na ufuta, ifike kwenye mahindi kwa namna ambayo mkulima akiweka magunia yake asubuhi, mchana anapata mkopo kwa stakabadhi ile. Narudia, mchana. Nimewasikia wakulima wa kwetu wakiulizwa juu ya stakabadhi. Wanasema karatasi hailiwi, na wana haki, kwa sababu ada ya mtoto haingoji mnada. Ghala bila fedha ya siku ileile litabaki jengo zuri lililopigwa picha.

Kifungu cha 23

Kuna jambo nilimwambia baba mdogo siku ile ambalo nilidhani ndilo litamzuia. Nilimwambia kwamba hata tukiacha faini, mkataba wenyewe ni hewa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 23: makubaliano yenye lengo lisilo halali ni batili. Mwenzako akikupa mamilioni ukakimbia nayo, hana pa kwenda kukushtaki. Asipokulipa, wewe pia huna. Hakuna hakimu atakayeigusa karatasi hiyo.

Alinijibu taratibu.

"Miaka tisa hatujawahi kushtakiana."

Sikuwa na la kusema. Walikuwa wameshajenga kitu ambacho sheria hutamani kukijenga ikakishindwa: muuzaji na mnunuzi wanaoaminiana kuvuka mpaka. Nami nilikuwa nimekaa pale kumweleza kwamba kitu hicho sasa ni kosa, na kwamba adhabu yake kwa mgeni ni faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha kuishi, na kwa raia anayemsaidia ni milioni 5 au miezi mitatu.

Nilikataa kugonga muhuri, na ningekataa tena leo. Wakili hasaidii watu kuvunja sheria kwa sababu sheria imeandikwa haraka. Lakini nilimwacha aondoke bila kumuuliza swali lolote jingine. Sikumuuliza ada inadaiwa kiasi gani. Sikumwambia tukae tutafute chama cha ushirika, au kikundi cha wakulima watano wanunue kwa majina yao na fedha zao hata kama ni magunia thelathini. Nilifanya kazi ya sheria, kisha nikaangalia saa.

Muhuri

Jumanne iliyopita alirudi.

Hakuja kulalamika. Alikuja mjini kwa shughuli ya mjukuu, akapita kunisalimu, akaniletea karanga mbichi kwenye mfuko wa rambo. Tulikunywa chai. Alipomaliza akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati uleule, akatoa karatasi. Safari hii ilikuwa imechapwa kwa kompyuta, kurasa mbili, na chini kulikuwa na muhuri wa mtu mwingine, umegongwa upande kidogo.

"Nililipa elfu thelathini," akasema. "Nisomee, maandishi yao madogo. Nilitia saini jioni, sikuwa na miwani."

Nikasoma kwa sauti. Mhusika wa kwanza, mhusika wa pili. Idadi ya magunia. Malipo kwa kila gunia. Mahali pa kupakia. Jina la yule Mkenya halikuwemo popote. Mhusika wa pili sasa alikuwa mtu wa Dodoma mjini ambaye baba mdogo alimwona mara moja tu, siku ya kutia saini.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye anayeleta hela. Mwenzangu aliogopa, akasema tupitie kwake."

Nikaendelea. Kipengele cha saba kilikuwa mwisho wa ukurasa wa pili, juu kidogo ya saini yake ya herufi kubwa. Kilisema kwamba endapo patatokea faini, adhabu au madai yoyote kutoka mamlaka yoyote, mhusika wa kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye jina, atawajibika peke yake.

Baba mdogo aliweka kikombe chini.

"Soma tena hapo, mwanangu."

Nikasoma tena.